Kukadiria na Kurekebisha pH ya Uji wa Kimea Unapotengeneza Bia Nyumbani

Vimeng'enya vya kimea cha shayiri hugeuza wanga kuwa sukari vizuri zaidi pH (kipimo cha uasidi) ya uji, yaani mchanganyiko wa kimea na maji moto, ikiwa kati ya 5.2 na 5.6, kipimo kikichukuliwa kwenye sampuli iliyopozwa hadi nyuzi 20 au 25 za Selsiasi. Usipime uji wa moto: joto huchakaza kipima pH, na namba husomeka chini kwa takriban 0.2 hadi 0.3.

Makadirio huanzia kwenye maji. Mwaka 1953 Paul Kolbach, mwanasayansi wa bia wa Ujerumani, alionyesha kwamba kalsiamu na magnesi, zikikutana na fosfati za kimea, hupunguza nguvu ya bikaboneti ya kupandisha pH. Chukua ualkali wa maji (uwezo wake wa kupinga asidi, ukihesabiwa kama kalsiamu kaboneti), utoe kalsiamu iliyogawanywa kwa 1.4 na magnesi iliyogawanywa kwa 1.7, vyote kwa miligramu kwa lita. Ualkali wa 150, kalsiamu 50 na magnesi 10 huacha ualkali wa 108 hivi, kiasi kikubwa mno kwa bia ya rangi ya dhahabu, ingawa bia nyeusi hukistahimili kwa kuwa kimea kilichokaangwa kina asidi yake. Ndiyo maana maji ya Dublin yalifaa bia nyeusi.

pH ikizidi, ongeza jasi (kalsiamu salfeti) kidogo au asidi ya laktiki, mililita moja au pungufu kila mara, koroga, subiri dakika kumi, kisha upime tena. Ikishuka mno, tumia bikaboneti ya soda kwa uangalifu, maana huleta ladha ya chumvi. Mimi huamini kipimo kuliko hesabu, na huandika vyote viwili daftarini ili makadirio yajayo yawe karibu zaidi.