Kuomba pesa za umma kwa utafiti wa historia na lugha ukiwa Lamu: hatua kwa hatua

Anayeomba pesa za serikali kuchunguza wadudu wa mahindi hababaiki akifika kwenye jedwali la bajeti. Ataandika darubini, dawa na jokofu, na hakuna atakayemuuliza. Sisi wa insia, yaani historia, lugha, fasihi na mila, pamoja na jirani zetu wa sayansi za jamii, tukifika hapo tunaandika "kinasa sauti kimoja, madaftari kumi, nauli", kisha tunashangaa kwa nini wahakiki wa maombi hawakutuona kuwa watu wa kazi. Nimesaidia kuandaa maandiko ya kuomba ruzuku hapa Amu, yaani Lamu, kwa miaka kadhaa. Machache yalipata ruzuku, mengi yalirudi. Nikiyapitia yale yaliyorudi naona wazo lilikuwa zuri mara nyingi. Kilichoyaangusha ni hesabu na kalenda.

Nitakwenda na mfano mmoja mpaka mwisho. Tuseme unataka kurekodi maarifa na msamiati wa mafundi wa majahazi wa Matondoni na Kizingitini: mkuku, mataruma (mbavu za chombo), hanamu, fashini, namna ya kutia kalafati (kuziba nafasi kati ya mbao), jinsi fundi anavyokata umbo la chombo bila kuchora popote. Mradi wenyewe ni wa kubuni. Vikwazo vyake nimevigonga mwenyewe.

Hatua ya 1: Ujue mlango unaobisha

Nchini Kenya mlango mkuu ni Mfuko wa Taifa wa Utafiti, NRF, uliozaliwa na Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya 2013. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyoiunda NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, na watu huzichanganya hizi mbili. NACOSTI hukupa ruhusa ya kufanya utafiti. NRF ndiyo yenye mkoba. Sheria ilitaka mfuko upate asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka wa fedha. Hazina haijafika hapo, kwa hivyo usipange maisha yako ukitegemea kwamba wito wa maombi utatoka mwezi uleule kila mwaka.

Jina la sheria limeanza na sayansi na teknolojia, nasi wa insia tumekaa ukingoni mwa jamvi. Hilo ni kweli, lakini usililie ndani ya andiko. Soma tangazo la wito mara tatu, tafuta kipaumbele kinachokugusa bila kulazimisha (uchumi wa buluu na urithi wa utamaduni vinamgusa fundi wa jahazi waziwazi), halafu tumia maneno yao kwenye aya ya kwanza. Ukianza kumpaka fundi rangi ya "uvumbuzi wa kidijitali" asioujua, mhakiki atanusa.

Kuna pia pesa za umma za nchi nyingine zinazofika huku. British Institute in Eastern Africa iliyoko Nairobi husaidiwa na British Academy, ambayo nayo hupata fedha kutoka serikali ya Uingereza. IFRA, taasisi ya utafiti ya Wafaransa hapo hapo Nairobi, inasimama juu ya wizara ya mambo ya nje ya Ufaransa na CNRS, shirika la umma la utafiti la huko. Fulbright ni pesa ya serikali ya Marekani. Hizi ni nzuri, hasa kwa anayeanza, lakini zinafuata siasa za kwao. Aprili 2025 shirika la umma la Marekani linalofadhili insia, NEH, lililoundwa 1965, lilifuta ruzuku zaidi ya elfu moja zilizokuwa zimeshatolewa, watu wakiwa katikati ya kazi. Tangu hapo napanga kila mradi hivi: kazi ya uwanjani na malipo ya wazee yatangulie, kongamano na uchapishaji vifuate. Pesa zikikatika, sauti za mafundi ziwe zimeshahifadhiwa.

Hatua ya 2: Tafuta taasisi ya kukubeba

Mtu binafsi mwenye daftari lake ni vigumu kupewa. Unahitaji chuo kikuu au taasisi yenye kurugenzi ya utafiti, akaunti ya benki na mhasibu. Kama huna, tafuta mhadhiri awe mtafiti mkuu, wewe uwe mtafiti mwenza, na jina lako na siku zako za kazi ziandikwe ndani ya andiko. Msikubaliane kwa mdomo. Mara moja nilikubaliana kwa mdomo na chuo kimoja. Pesa zilipoingia nikajikuta "msaidizi wa kujitolea".

Uliza mapema taasisi inachukua asilimia ngapi ya gharama za uendeshaji, na kama mfuko unairuhusu. Swali hilo lina aibu kidogo. Liulize hivyo hivyo.

Kwa mambo ya Lamu, zungumza pia na watu wa Makumbusho ya Taifa walioko mjini. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na barua yao ya kukuunga mkono ina uzito.

Hatua ya 3: Swali kwanza, mapenzi baadaye

"Nataka kuhifadhi utamaduni wetu unaopotea" si swali la utafiti. Kila mtu wa pwani anaweza kuliandika. Jaribu hivi: fundi aliyejifunza kwa kutazama hukadiria vipi mpindo wa taruma, na ni maneno gani yanayobeba kipimo hicho? Maneno ya Kiamu ya Matondoni na ya Kitikuu ya Kizingitini yanatofautiana wapi, na je, tofauti hiyo inafuata aina ya chombo au ukoo wa fundi? Hapo mhakiki wa uhandisi wa Eldoret anaona kuna kitu cha kujibiwa. Usisahau kwamba wahakiki wengine si watu wa fani yako. Nusu yao hawajawahi kuona jahazi likiwa juu ya gogo.

Hatua ya 4: Kalenda mbili

Ukiniuliza ni wapi maandiko ya Lamu huharibika, nitakuonyesha ratiba. Serikali ina mwaka wake, Julai mosi hadi Juni 30. Bahari nayo ina wake, na haijali Hazina.

Tulipata ruzuku mwaka mmoja, kiasi cha kutosha, kutoka mfuko ambao sitautaja. Ratiba ilisema kazi ya uwanjani ianze Januari, kaskazi ikivuma, kila kitu sawa. Pesa zikaingia Mei. Kusi, upepo mkali wa kusini, ilikuwa imeshapiga, nahodha wa kutupeleka Kizingitini akatutazama kama wendawazimu, na taarifa ya matumizi ilitakiwa kabla ya Juni kwisha. Tulikimbizana na risiti badala ya kufanya utafiti.

Siku hizi naandika ratiba kwa miezi ya mradi, "mwezi wa 1", "mwezi wa 2", kuhesabu kutoka siku pesa zinapoingia, halafu naweka jedwali la pili linaloonyesha kazi gani inafanyika msimu gani. Kwa mfano wetu linatoka vizuri. Wakati wa kusi kali vyombo vingi huvutwa pwani kufanyiwa matengenezo, na huo ndio wakati wa kuona kalafati inavyotiwa. Matondoni iko kisiwa hikihiki cha Amu. Unafika kwa punda, au kwa miguu ukiwa na pumzi. Basi Matondoni ni kazi ya kusi. Kizingitini, upande wa mbali wa kisiwa cha Pate, iache mpaka demani (kusi ikishalegea) au kaskazi. Na hata hapo siku haipangwi na saa ya ofisi: mlango wa bahari wa Mkanda hupitika maji yakijaa, kwa hivyo safari yako inafuata maji. Liandike hilo kwa sentensi mbili, maana mhakiki atauliza kwa nini umeomba siku nne kwa mahojiano ya siku mbili.

Toa Ramadhani. Huja mapema kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hivyo hesabu vizuri kama mradi ni wa miaka miwili. Na Maulidi ya Mfungo Sita: mji hujaa wageni, vyumba vinapanda bei, na wazee unaowatafuta wako msikiti wa Riyadha, hawako gatini wakikungoja.

Hatua ya 5: Bajeti, na hapa tukae

Maabara yetu ni baraza. Gharama yake kubwa haionekani kwa sababu ni saa za mtu aliyevaa vipokea sauti akirudisha sentensi moja mara tano.

Saa moja ya mazungumzo hunichukua siku nzima ya kazi kuinukuu, yaani kuiandika neno kwa neno, nikiwa na bahati. Kukiwa na nyundo nyuma na wazee watatu wanaokatizana, inapita siku. Sasa hesabu. Mahojiano 40 ya saa moja na nusu ni saa 60, basi ni siku 60 za kunukuu. Ongeza siku 20 za kurudi kwa mafundi kuhakiki maneno, maana "fundo" na "funda" kwenye sauti yenye upepo ni kitu kimoja. Jumla siku 80. Tuseme kiwango cha taasisi yako kwa mnukuzi ni shilingi 2,500 kwa siku: hiyo ni 200,000. Wengi huandika "unukuzi: 30,000", na mhakiki anayejua kazi anaelewa papo hapo kwamba hujawahi kunukuu.

Chini ya jedwali andika maelezo. Mimi huandika hivi:

"Unukuzi ndio uchambuzi wa kwanza wa data za mradi huu. Utafanywa na wazungumzaji wa Kiamu na Kitikuu, kwa kuwa programu zilizopo hazitambui lahaja hizi ipasavyo. Kila saa ya sauti imekadiriwa siku moja ya kazi. Siku 20 za uhakiki zimetengwa ili kila istilahi ithibitishwe na fundi aliyeitamka."

Usafiri una kichekesho chake. Fomu nyingi zina safu ya kilomita za gari. Amu tunapakia punda. Usijaribu kugeuza maili za bahari kuwa kilomita. Andika "ukodishaji wa boti kwa siku, pamoja na nahodha na petroli", ambatisha kotesheni tatu, na ongeza hamali wa kubeba vifaa kutoka gatini. Weka nauli ya boti ya Mokowe, gati ya upande wa bara, kando na ya basi.

Malipo kwa wazee yana ubishi. Wako wanaosema ukimlipa mtu atakuambia unalotaka kusikia. Mimi naona fundi anayeweka tezo chini nusu siku amepoteza ujira wa nusu siku, na chuo kinachomlipa mhadhiri posho ya kwenda kumsikiliza hakina uso wa kumnyima. Kiite "fidia ya muda", kiwango kimoja kwa wote, karibu na ujira wa fundi wa nusu siku, na ukieleze. Mzee mmoja aliniuliza, "Mwanangu, hizi karatasi zako mbona zina pesa ya kila mtu ila mimi?" Sikuwa na jibu.

Kisha kahawa. Mahojiano ya barazani hayaendi bila kahawa na kashata, na muuza kahawa mwenye dele hatoi risiti. Kubaliana na mhasibu kabla ya safari mtumie vocha ya matumizi madogo, yenye sahihi au alama ya kidole ya mpokeaji. Malipo mengine yafanye kwa M-Pesa uwe na taarifa ya kuonyesha.

Hifadhi isisahauliwe: diski mbili, moja ikae Amu na nyingine kwenye taasisi. Hewa ya chumvi imeshaniulia vifaa viwili. Kompyuta mpya ya mtafiti mkuu iache.

Hatua ya 6: Vibali

Mpangilio ni huu: kwanza kamati ya maadili iliyoidhinishwa na NACOSTI, halafu leseni ya NACOSTI, halafu unaripoti kwa uongozi wa kaunti kabla ya kuanza. Leseni ya utafiti haikuruhusu kuchimba wala kupiga filamu. Hayo yana vibali vyake. Ukiwa na hamu ya kupiga jembe kwenye magofu ya Shanga au Takwa, nenda kwanza kwa Makumbusho ya Taifa.

Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili, na isomwe kwa sauti. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu sauti na picha za watu wako. Sheria ya maarifa ya jadi ya 2016 inatambua kwamba ujuzi huu una wenyewe, na inazitaka kaunti ziwe na rejista yake. Waulize mafundi mbele ya wenzao, kisha mmoja mmoja, kipi kisitangazwe. Kuna mambo ya kuzindua chombo ambayo utaambiwa uzime mashine. Zima.

Hatua ya 7: Kutuma, kisha kurudi

Tuma siku tatu kabla. Mtandao wa Amu na umeme wake unavijua. Mpe mtu asiye wa fani akusomee ukurasa wa kwanza. Mimi humpa mwalimu wa hesabu.

Ukikataliwa, omba maoni ya wahakiki kwa maandishi, hata kama hawajayatoa wenyewe. Andiko la majahazi la aina hii niliwahi kulituma mara ya pili baada ya kubadilisha jedwali la bajeti na ratiba tu, swali likibaki neno kwa neno, na likapita.

Ukipewa, fungua faili la risiti siku ileile. Ripoti ya mwisho utadaiwa na mfuko, na NACOSTI nao wanataka nakala. Tenga pesa kidogo, toka mwanzo, za kijitabu cha Kiswahili chenye istilahi na michoro, nakala za kutosha kila fundi aliyehojiwa apate yake, na siku mbili za boti za kuzipeleka Kizingitini. Zipeleke bamvua, maji yakiwa makubwa, usije ukakwama Mkanda na maboksi.