Jinsi ya kuhesabu ndege wa eneo lako mwaka hadi mwaka, namba zikawa na maana

Wengi wetu tukianza mambo ya ndege tunaanza na orodha, nimemwona huyu nimemwona yule, mwaka ukiisha mtu ana aina mia na kitu anafurahi, na si vibaya hata kidogo, ila orodha ya hivo haiwezi kukwambia kama shomoro wamepungua. Inakwambia tu wapo. Shomoro wanaweza kushuka kutoka mia mpaka watano na kwenye orodha yako bado wana tiki yao ileile. Kwaiyo kama unachotaka kujua ni nani anaongezeka na nani anapotea, kazi yako kubwa ni kurudia: sehemu ileile, njia ileile, saa zilezile, kila mwaka, na kuandika kila mara umetumia muda gani na umetembea umbali gani. Inachosha kidogo, nakubali.

Eneo

Usichague sehemu kwa sababu ina ndege wengi. Hapa watu wengi wanajiharibia kabla hata hawajaanza. Ukichagua bwawa kwa sababu mwaka huu limefurika bata, mwaka unaofuata likirudi hali yake ya kawaida wewe utaandika "bata wamepungua", kumbe ulianzia kwenye kilele tu. Chukua eneo ambalo unaweza kulifika bila kujilazimisha, lenye mchanganyiko unaofanana na sehemu nzima inayolizunguka, yaani kama kwenu kuna mashamba, nyumba na vichaka basi njia yako ipite kote huko, isiwe ya kichakani peke yake. Kama una nafasi ya kuchagua kati ya sehemu kadhaa, chora miraba kwenye ramani uipe namba alafu upige kura. Uingereza kwenye sensa yao ya ndege wanaozaliana, iliyoanza 1994, kila mtu anapewa mraba wa kilomita moja kila upande uliochaguliwa kwa bahati nasibu, na ndo maana kuna watu wanahesabu ndege kwenye sehemu ambazo mpenda ndege hawezi kwenda kwa hiari yake. Hizo sehemu zisizovutia zina umuhimu wake kwenye hesabu.

Ukishachagua, piga picha. Simama sehemu tatu nne, elekeza kamera upande uleule, na kila mwaka rudia picha hizohizo. Siku ndege fulani akipotea utataka kujua nini kilibadilika, na kumbukumbu ya kichwani inadanganya sana kuhusu miti iliyokuwepo miaka mitano iliyopita.

Kutembea au kusimama

Njia ziko mbili kubwa. Ya kwanza unatembea mstari mmoja, kilomita moja au mbili zinatosha, polepole bila kusimamasimama ovyo, unaandika kila ndege unayemwona au kumsikia kulia na kushoto. Ya pili unaweka vituo, kila kimoja mbali na mwenzake angalau mita 200 au 250 ili usimhesabu ndege mmoja mara mbili, unafika, unatulia dakika moja mbili ndege wakusahau, alafu unahesabu kwa dakika tano au kumi na unaondoka. Kwenye uwazi tembea. Kwenye msitu mzito au mlimani ambako ukitembea macho yote yako kwenye miguu, tumia vituo. Marekani na Kanada wana sensa yao ya tangu 1966, iliyoanzishwa na Chandler Robbins, ambayo mtu anaendesha gari njia ya kilomita 39 hivi na kusimama mara 50, dakika tatu kila kituo, anaanza nusu saa kabla jua halijachomoza. Ukiangalia ni kitu rahisi sana, ila kimerudiwa vilevile kwa miongo mingi na nguvu yake yote iko hapo.

Ukishachagua njia usibadilishe. Hata ukigundua kwamba dakika saba zingekuwa bora kuliko tano, baki na tano.

Saa nzuri kwa ndege wengi ni masaa mawili matatu ya mwanzo baada ya jua kuchomoza, wanaimba na wanasogea. Jua likiwa kali wananyamaza, sasa mtu akihesabu saa moja asubuhi mwaka huu na saa nne asubuhi mwaka kesho atapata "upungufu" ambao ndege wenyewe hawaujui. Mvua ikinyesha ahirisha. Upepo ukifika wa kutikisa matawi, ahirisha pia, manake husikii. Kwa mwaka, angalau mara mbili katika msimu wa kuzaliana, tarehe zinazokaribiana na za mwaka uliopita, na kama eneo lako linapokea ndege wahamiaji kama mbayuwayu na vitwitwi basi ongeza hesabu nyingine katikati ya msimu wao, usiifanye mwanzoni ambapo bado wanawasili na tarehe zao zinacheza.

Cha kuandika

Kila safari ina kichwa cha habari: tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, umbali, nani alihesabu, wangapi mlikuwepo, mawingu, upepo. Hiki usikiruke. Bila muda na umbali namba ya ndege haina kazi. Ile sensa ya Krismasi aliyoianzisha Frank Chapman Marekani mwaka 1900, siku ya kwanza walikuwa watu 27 tu kwenye sehemu 25, leo ni maelfu kwa maelfu, na sababu pekee ya kuweza kulinganisha zama zile na sasaivi ni kwamba idadi ya ndege inagawanywa kwa masaa ambayo vikundi vilikuwa nje vinahesabu.

Alafu ndege mmoja mmoja: aina, idadi, umemwona au umemsikia, na umbali kwa makundi. Usijitese kukadiria mita kamili, tumia makundi matatu, ndani ya mita 25, kati ya 25 na 100, zaidi ya 100. Wanaopita juu bila kutua waandike pembeni peke yao, kunguru arobaini waliokatiza anga wakielekea wanakolala si wakazi wa njia yako. Mstari wangu kwenye daftari unakuwa hivi:

07:14 shore 3 (sauti 2, macho 1) 25–100
07:15 njiwa 2 macho 0–25
07:15 mwewe 1 anapita juu

Umbali una faida usiyoiona mwaka wa kwanza. Ndege aliye karibu unamwona karibu kila mara, aliye mbali unamkosa mara nyingi, na kwa kuangalia idadi inavyopungua kadri umbali unavyoongezeka wataalamu wanaweza kukadiria wangapi ulipitwa nao. Pia vichaka vikikua vikaziba, utajua kwamba waliopungua ni wale wa mbali tu, yaani shida ni macho yako, ndege wapo.

Makundi makubwa hesabu kumi kwanza, jizoeshe kuona kumi zinachukua nafasi kiasi gani, alafu pima kundi lote kwa hizo kumikumi, likiwa kubwa zaidi tumia mia. Kukadiria kwa jicho bila kupima watu wengi wanakadiria chini, na kundi likizidi kuwa kubwa kosa linazidi. Kama unahesabu ukiwa umekaa sehemu moja, mfano bustanini, na ndege wanaingia na kutoka, usijumlishe, andika idadi kubwa zaidi uliyoiona kwa wakati mmoja, kwasababu chozi mmoja anaweza kuja kwenye ua moja mara ishirini na ukadhani una chozi ishirini.

Usiyemjua andika "simjui", eleza umbo, mdomo, mwendo, rekodi sauti kwa simu. Usikisie. Programu kama Merlin inayosikiliza sauti inasaidia sana kujifunza, mimi nayo naipenda, ila ichukulie kama mtu anayekunong'oneza "angalia pale", sio shahidi. Jina likitokea kwenye skrini na wewe hujamwona wala hujamtambua mwenyewe kwa sikio, halijaingia kwenye hesabu. Kupiga sauti ya ndege kwenye spika ili ajitokeze, hapana, kunavuruga hesabu na kunamsumbua ndege anayelinda eneo lake. Kiota ukikiona pita mbali, na kama ni cha bundi au tai mahali pake usipatangaze.

Sasa jambo ambalo kama ningeambiwa nichague moja tu la kusisitiza ningechagua hili: hesabu wa kawaida, na andika sifuri. Kunguru, shomoro, njiwa, mnana, wale ambao ukimwambia mtu unawahesabu anakucheka. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani na Kanada walitoa makadirio kwamba bara lao lilikuwa limepoteza karibu ndege bilioni 3 tangu 1970, na sehemu kubwa mno ya hao haikuwa ndege adimu, walikuwa wa kawaida kabisa, jamii za shomoro wa kule na wenzao. Kwa tumbusi wa India ni balaa zaidi. Miaka ya 1980 walikuwa wengi kiasi kwamba hakuna aliyeona haja ya kuwahesabu sehemu nyingi, lakini kwenye hifadhi ya Keoladeo kulikuwa na hesabu, na mtafiti Vibhu Prakash alipolinganisha na alichokikuta miaka ya 1990 ndo ikajulikana wameporomoka zaidi ya asilimia 90. Ikaja kugundulika 2004 kwamba chanzo ni dawa ya maumivu ya mifugo, diklofenaki, ng'ombe akifa nayo mwilini tumbusi akimla figo zinakufa. India, Nepal na Pakistan wakaipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Bila zile hesabu za ndege wasiokuwa na maana kwa mtu yeyote kengele ingelia imechelewa zaidi.

Sifuri nayo, ukimaliza njia na hukumwona mdiria, andika mdiria 0. Nafasi tupu kwenye jedwali baada ya miaka mitatu hujui kama hakuwepo au ulisahau kujaza. Kwenye eBird, ule mtandao wa kuwekea orodha za ndege ulioona, hiki ndo kile kiswali cha mwisho kinachouliza kama unawasilisha orodha kamili ya ndege wote ulioweza kuwatambua. Ukijibu ndiyo, kila ambaye hayumo anahesabika kwamba hukumpata, na data inakuwa na thamani kubwa zaidi. Ila ukijibu ndiyo huku umeacha kunguru kwa kuona ni wengi mno, umewafuta kunguru wote.

Kusoma namba

Weka kwenye jedwali la kompyuta, mstari mmoja kwa kila ndege kwa kila safari, usiweke rangi rangi na maelezo katikati ya seli. Kila mwaka tafuta vitu viwili. Kwanza, kati ya safari zote, ndege huyu alipatikana kwenye asilimia ngapi. Pili, wastani wa idadi yake kwa safari, au kwa kilomita kama umbali ulitofautiana. Mwaka wa kwanza uite 100 na mingine uilinganishe nao: kama wastani wa shomoro ulikuwa 12 na mwaka wa tatu ni 9, uko 75. Kwa ndege anayepatikana wawili watatu kwa mwaka usifanye hivo kabisa, kutoka 3 kwenda 1 ni bahati tu, mpe ile asilimia ya safari inatosha.

Na usikimbilie kutangaza. Miaka miwili si mwelekeo. Mwaka wa ukame wanashuka, mwaka wa mvua nzuri wanapanda, wengine wanahama wakifuata chakula na kurudi. Mpaka miaka mitano uanze kushuku, kumi uanze kusema. Tofauti ni pale panapotokea kitu kikubwa cha wazi, mfano ndege wengi waliokufa wamelala chini, hapo piga picha na uwaite wahusika wa wanyamapori siku hiyohiyo, usisubiri grafu.

Data yako weka nakala sehemu mbili tofauti na daftari la karatasi usilitupe hata baada ya kuchapa kila kitu.

Kuna jambo moja linaharibu hata sensa nzuri, mabadiliko ya mtu au ya njia. Wachambuzi wa ile sensa ya gari ya Marekani na Kanada waligundua kwamba mtu mpya mwaka wake wa kwanza huhesabu pungufu, mwaka wa pili ameshaizoea njia anapata zaidi, na ndege hawajaongezeka hata mmoja. Umri nao unakula masikio, sauti nyembamba za juu ndo zinatangulia kupotea. Waingereza walipotaka kubadilisha sensa yao ya zamani ya tangu 1962 hawakuikata ghafla, waliziendesha zote mbili pamoja kuanzia 1994 mpaka 2000 ndo ya zamani ikafungwa, ili namba za kale ziweze kuungana na mpya. Fanya hivohivo. Ukitaka kumwachia mwenzako njia, tembeeni wote msimu mzima, kila mtu na daftari lake bila kuoneshana, mkimaliza linganisheni ndege kwa ndege, na ile tofauti mtakayoipata muiandike kwenye faili lilelile la data ili atakayekuja kulifungua miaka ishirini baadaye aikute hapohapo.