Kipima pH cha mvinyo wa nyumbani: chagua elektrodi kwanza

Mvinyo wenye pH (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu huzidi) ya 3.4 unahitaji takriban miligramu 32 za dioksidi huru ya salfa, yaani ile isiyojifunga na vitu vingine vya mvinyo, kwa kila lita ili ulindike vizuri. Ukiwa na pH 3.6, unahitaji kama 50. Kipima kikikosea kwa 0.2 tu, waweza kuweka salfaiti (chumvi inayotoa dioksidi hiyo) pungufu kwa zaidi ya theluthi, na kosa utaligundua mvinyo ukishaharibika.

Kwa hiyo vile vipima vya kusoma desimali moja achana navyo. Tafuta kinachosoma hadi 0.01 chenye usahihi wa ±0.02, na usichanganye sifa hizo mbili: skrini ikionyesha 3.47, haina maana kwamba ile 7 ni ya kweli. Kiwe pia kinasawazishwa kwa bafa (mmumunyo wenye pH inayojulikana) mbili au zaidi, na kinarekebisha joto chenyewe. Kinachoonyesha milivolti, yaani umeme mdogo unaotoka kwenye elektrodi, ni bora zaidi, sababu utaiona mbele.

Kabla ya kulipa, uliza kama elektrodi, ile fimbo inayotumbukizwa kwenye mvinyo, inabadilishika. Elektrodi huzeeka hata ikikaa kabatini. Mara nyingi hudumu mwaka 1 au 2. Kama haichomoki, ikifa umetupa kifaa kizima. Pembeni ya kioo cha duara kilicho nchani mwake pana kitundu kidogo, aghalabu cha kauri, kinachovujisha chumvi ya ndani polepole. Tanini, protini na salfaidi za mvinyo hupenda kukiziba, ndiyo maana elektrodi yenye chumba cha ndani cha pili hustahimili zaidi.

Sawazisha siku unayopima, si mwezi uliopita. Anza na bafa ya 7, suuza kwa maji yaliyotoneshwa, kausha kwa kugusisha karatasi laini bila kusugua (kusugua huzalisha chaji ya umeme inayoyumbisha usomaji), kisha ingia bafa ya 4. Bafa iliyotumika imwage, usiirudishe chupani.

Hapa ndipo wengi wanapopotea: mvinyo mwingi uko kati ya 3 na 4, yaani nje ya bafa hizo. Kipima kikikubali bafa ya 3, tumia 7 na 3. Kisipokubali, jihakikishie kwa krimu ya tatari, ule unga mweupe wa waokaji. Tia kijiko cha chai katika mililita 100 za maji yaliyotoneshwa, yakiwa na nyuzi 25 za Selsiasi, tikisa dakika kadhaa, acha utuame. Lazima unga ubaki chini bila kuyeyuka. Maji ya juu yasome 3.56. Ukipata 3.50 au 3.62, rudia kusawazisha. Yatengeneze siku hiyohiyo, kwani huota ukungu.

Mvinyo unaochacha toa gesi kwanza kwa kuukoroga sana, la sivyo kaboni dioksidi itakushushia usomaji. Uache pia ufike joto la chumba: kurekebisha joto husahihisha elektrodi tu, hakubadilishi pH ya mvinyo baridi kuwa ya mvinyo wa joto.

Sasa zile milivolti. Kwenye bafa ya 7 zinapaswa kuwa karibu na 0, zisizidi wala kupungua kwa zaidi ya 30. Kwenye bafa ya 4, nyuzi 25, ziongezeke kwa kama 177. Zikiongezeka kwa chini ya 160, elektrodi ni chafu au imechoka. Iloweke dakika 15 katika maji vuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, suuza, iache saa moja kwenye mmumunyo wa kuhifadhia, kisha sawazisha tena. Uchafu wa protini ukigoma, tumia kisafishaji chenye pepsini. Isipobadilika baada ya hapo, nunua nyingine.

Kuhifadhi ndiko kunakoua elektrodi nyingi. Kofia ya elektrodi iwe na mmumunyo wa potasiamu kloridi wa 3 M (moli 3 kwa lita), kioo kilowe muda wote. Maji yaliyotoneshwa ni ya kusuuzia tu. Ukiiacha humo, hunyonya chumvi ya ndani. Ikikauka, iloweke usiku kucha kwenye mmumunyo wa kuhifadhia kabla ya kuikatia tamaa. Na ukiona fuwele nyeupe zimeganda kwenye kofia, usishtuke: ni chumvi tu, zisuuze kwa maji.