Mashine ndogo ya msasa wa mkanda: jinsi ya kuichagua na kuitumia bila kuchimba mbao

Wengi huinunua wakidhani ni mashine ya kumalizia kazi. Msasa wa mkanda unakula mbao. Kazi yake iko karibu zaidi na randa kuliko ile karatasi ya msasa unayokunja mkononi. Inasawazisha mbao zilizoungwa kwa gundi, inafuta alama za msumeno, inapunguza mlango uliovimba kwa masika. Kung'arisha uso kabla ya vanishi ni kazi ya zana nyingine, na fundi asiyetenganisha hayo mawili ataharibu mbao nzuri.

Ndogo tunayoizungumzia hapa ina mkanda wa upana wa inchi 3, mota ya wati 600 hadi 800, na uzito wa kilo 2.5 hadi 3.5. Makita 9911, kwa mfano, ina wati 650 na mkanda wa milimita 76 kwa 457, na kasi yake hubadilishwa kutoka mita 75 hadi 270 kwa dakika. Mashine za inchi 4 zinafaa karakana inayotoa milango kila siku, lakini ni nzito na zinakula haraka mno kwa mtu anayejifunza. Chukua yenye kirekebisha kasi hata kama bei yake imezidi kidogo. Kasi ya chini ndiyo itakayokuokoa kwenye kingo na kwenye mbao laini.

Kabla ya kulipia mashine, ulizia mikanda katika maduka ya zana unayoweza kuyafikia. Urefu wa 457 na wa 533 unafanana kwa macho, lakini mmoja hauingii kwenye mashine ya mwingine. Mashine ambayo mikanda yake huipati jirani itaishia kabatini.

Kufunga mkanda

Chomoa waya kwanza. Hakikisha pia kile kitufe cha kuifungia swichi ikae imewashwa hakijabanwa, maana mashine ikichomekwa hali swichi imefungwa itakimbia juu ya meza hadi chini.

Vuta wenzo wa pembeni ili rola ya mbele irudi nyuma, toa mkanda wa zamani, vaa mpya. Tazama upande wa ndani wa mkanda: ukiona mshale, uelekee upande ule ule na mshale ulio kwenye mwili wa mashine. Ukiuvaa kinyume, maungio ya mkanda yatakwaruza mbao kila yanapopita na mwishowe yataachia. Mikanda isiyo na mshale huvaliwa upande wowote.

Sasa chomeka, geuza mashine tumbo juu, ishike imara, kisha gusa swichi na kuachia huku ukitazama mkanda unaelekea wapi. Ukisogea nje utachomoka. Ukisogea ndani utasugua mwili wa mashine: utasikia mlio mkavu, kingo ya mkanda itaanza kutoa nyuzi, na baada ya muda utaona mfereji umechimbika kwenye mwili wa mashine. Zungusha skrubu ya kurekebishia robo mzunguko tu, subiri mkanda uitikie, kisha ongeza kama inahitajika. Unataka kingo ya mkanda itulie sawa na kingo ya nje ya bati la chini, lile linaloukandamiza mkanda kwenye mbao. Baada ya dakika mbili tatu za kazi angalia tena, kwa sababu mkanda mpya hulegea ukipata joto.

Kusawazisha uso wa meza

Tuchukue meza ya mninga ya mita 1.2 kwa sentimita 60, mbao nne zilizoungwa, na maungio yamepishana kama milimita moja. Kwanza kwangua matone yote ya gundi kwa patasi. Gundi ikipata joto la mkanda hulainika na kuziba msasa, na mkanda mzima unaharibika ndani ya dakika moja. Pitisha sumaku kutafuta misumari. Msumari mmoja unachana mkanda na kurusha cheche kwenye mfuko uliojaa vumbi.

Bana meza, au pigilia kipande cha mbao chembamba nyuma yake, upande uliosimama wewe. Mkanda husukuma mbao kuja kwako na mashine kwenda mbele, kwa hiyo kizuizi cha mbele hakisaidii kitu.

Chora mistari ya penseli iliyopindapinda uso mzima. Anza na msasa namba 80 (namba ikiwa ndogo, msasa ni mkali zaidi). Namba 60 itumie pale tu mbao zilipopishana zaidi ya milimita moja, na 40 iache kabisa kwa kazi ya samani, kwani mikwaruzo yake itakuchosha kuiondoa. Washa mashine ikiwa hewani, iache ifikie kasi, kisha ishushe huku tayari inatembea, kisigino kikigusa kidogo kabla ya pua. Pita mshazari kutoka kona hadi kona, kisha mshazari wa upande wa pili, kila mpito ukifunika nusu ya uliotangulia. Usikandamize, uzito wa mashine unatosha. Penseli ikifutika pote, pita kufuata nyuzi za mbao hadi mikwaruzo ya mshazari itoweke, kisha badili uweke namba 120, ukifuata nyuzi tu. Inua mashine ingali inazunguka, ndipo uzime.

Hapo msasa wa mkanda umemaliza. Namba 150 na 180 pita kwa mkono ukiwa na kibao, au kwa mashine ya msasa ya duara.

Mabonde ndiyo kosa kubwa. Hutokea mahali pale pale kila mara: ulipotua kwa pua, uliposita mwisho wa mpito, na ulipong'ang'ania doa moja ukitaka liishe. Kingo nazo huliwa zikawa mviringo, kwa kuwa mashine iliyotoka nje ya mbao huinama. Usiitoe zaidi ya theluthi moja ya bati lake. Bonde la nusu milimita halionekani mchana, lakini vanishi ikikauka linameta kama maji yaliyotuama. Kwa hiyo laza taa chini kabisa, usawa wa meza, mwanga upite juu ya mbao. Vivuli vitakuonyesha kila kitu, na rula ndefu itathibitisha.

Kupiga ubavu wa mbao nyembamba, bana vibao viwili vilivyonyooka pande zote mbili, usawa na ubavu, ili bati lipate pa kukaa. Plaiwudi iepushe: tabaka lake la juu mara nyingi halifiki milimita moja, na namba 80 inalimaliza kabla hujastuka.

Vumbi

Hapa tunaomba usipuuze. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, linaliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Vumbi la mvule na la mninga pia huwasha pua na mapafu. Kitambaa usoni hakitoshi, vaa barakoa ya N95 au FFP2, na fanyia kazi nje au mlangoni penye upepo. Mwaga mfuko ukifika nusu, na usiuache na vumbi usiku kucha. Rangi kuukuu usiipige msasa kabisa, huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Kuitunza

Mikanda itundike juu ya bomba nene, si kwenye msumari, mahali pakavu. Unyevu wa pwani hulegeza maungio yake. Mkanda ulioziba kwa utomvu wa paini usiutupe: mashine ikiwa imebanwa tumbo juu na inazunguka, ugusishe kipande cha mpira ghafi, uchafu utang'oka.

Bati la chini mara nyingi lina tabaka jeusi la grafiti. Likichakaa joto hupanda na mikanda hukatika ovyo, basi libadili. Cheche nyingi kwenye matundu ya mota ni kaboni, vile vipande viwili vinavyopeleka umeme ndani ya mota, zimeisha; zibadili zote mbili pamoja. Na mota ikilia huku mkanda umesimama, kwa kawaida ni ule mkanda mdogo wa meno ulio chini ya kifuniko cha pembeni umekatika. Fungua skrubu zake, futa vumbi lote kabla ya kuvalisha mpya, maana vumbi hilo ndilo hula meno yake.