Kabla ya mionzi ya kichwa au shingo, mwone daktari wa meno kwanza

Kama wewe au mtu wako ataanza tiba ya mionzi kwa saratani ya kichwa au shingo, pale hospitali ya Kenyatta au kwingineko Nairobi, pitia kwa daktari wa meno kwanza. Jino bovu ling'olewe wiki mbili au tatu kabla, ili kidonda kipone. Mionzi huharibu mishipa midogo ya damu kwenye taya, na jino liking'olewa baadaye mfupa unaweza kukataa kupona, hata miaka ikiwa imepita. Usikubali kung'olewa kabla daktari wako wa mionzi hajajua.

Kinachosumbua kila siku ni mdomo kukauka. Mate yakipungua, meno huoza upesi. Nilipomuuguza mama, kila asubuhi nilichovya mswaki wake laini kwenye maji ya moto hadi nywele zilegee, ndipo apige mswaki polepole kwa dawa yenye floridi. Kisha kusukutua: lita moja ya maji, kijiko cha chai cha chumvi na kingine cha soda ya kuokea keki (si magadi ya kupikia githeri, tafadhali). Mara nyingi kwa siku, na kutema. Dawa za kusukutua zenye alkoholi ziacheni, zinachoma.

Ugali haukupita, tukahamia uji na viazi vilivyopondwa kwa mchuzi. Ndimu na pilipili tuliziondoa mezani. Kwenye matatu alibeba chupa ya maji, akipiga funda dogo dogo hadi tufike. Vidonda vikizidi hadi kumeza kushindikane, waambieni kliniki siku hiyo hiyo. Dawa za maumivu zipo.