Kuweka Lebo Kwenye Chupa za Dawa za Chumba cha Giza

Katika chumba cha kusafishia picha za filamu, chini ya taa nyekundu, developa (dawa ya kutokeza picha), stopu (ya kuisimamisha developa) na fiksa (ya kuifanya picha idumu) ni chupa tatu zinazofanana. Ukikosea ukatanguliza fiksa kwenye tangi, chumvi za fedha zinazobeba picha zote huyeyuka na filamu hutoka angavu kama kioo. Hapo hakuna cha kuokoa. Kwa hiyo bandika lebo chupa ikiwa bado tupu na kavu, kabla hujachanganya chochote.

Igawe lebo sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kudumu: jina la dawa tu. Chupa ya fiksa ibaki ya fiksa hadi itupwe, kwani mabaki kidogo tu yakiingia kwenye developa yanaiharibu. Futa plastiki kwa spiriti, iache ikauke, bandika karatasi nyeupe, kisha izungushie selotepu angavu hadi ncha zake zipandane. Usipoifunika, matone yatalowesha wino na baada ya wiki chache utabaki na doa. Andika jina hilohilo kwenye kifuniko pia, maana vifuniko ndivyo vinavyobadilishana kwa urahisi.

Tumia wino mweusi, herufi za sentimita 2 hivi. Wino mwekundu usiuguse: chini ya taa nyekundu karatasi nyeupe na wino huo hurudisha mwanga uleule, na maandishi hupotea kabisa. Vifuniko vya rangi navyo vina kasoro hiyohiyo. Alama ya kuaminika ni ile inayoshikika: mpira mmoja shingoni mwa chupa ya developa, miwili kwenye stopu, mitatu kwenye fiksa. Vidole vinahesabu hata gizani.

Sehemu ya pili ni kipande cha selotepu ya karatasi, kinachobanduliwa kila unapochanganya upya. Hapa andika tarehe ya kuchanganya na kiwango. Kiwango kiandikwe kwa alama ya kujumlisha: 1+9 ni mililita 100 za dawa na 900 za maji. Ukiandika 1:9, mwingine atasoma sehemu moja kati ya tisa, na dawa itakuwa kali kuliko ulivyokusudia.

Tarehe ina uzito wake. D-76, developa ya Kodak, isiyozimuliwa hukaa miezi 6 chupa ikiwa imejaa na kufungwa vizuri. Ikibaki nusu, hesabu miezi 2, kwa sababu hewa iliyo ndani inaila. Usitegemee rangi. Developa nyingi hugeuka kahawia zikichoka, lakini zile za asidi askobiki zinaweza kufa zikiwa bado safi kama maji.

Fiksa inahitaji zaidi ya tarehe. Ikiwa mpya, tumbukiza kipande cha filamu mwangani, hesabu sekunde hadi kiwe angavu, na uandike namba hiyo kwenye lebo. Kisha chora mstari kwa kila roli inayopita. Mara kwa mara rudia jaribio kwa filamu ya aina ileile: muda ukifika maradufu ya ulioandikwa, fiksa imekwisha.

Unapomimina, kiganja kifunike lebo, ili matone yateremkie upande wa pili. Chupa za soda au maji ya kunywa zisitumike kabisa, hata zikiwa na lebo; mtoto asiyejua kusoma anaitambua chupa tu.