Somo: Bunduki inapiga "tak" risasi haitoki. Jinsi ya kujua kama ni pini, na jinsi ya kuibadilisha (raifo ya Kirusi Mosin-Nagant 91/30)

Habari zenu wakuu. Hili somo niliwaahidi tangu mwaka jana wale wadau tunaowinda kulungu huku Pennsylvania, na wengi wenu najua mlianza na Mosin kama mimi, kwa sababu kuna kipindi ilikuwa inauzwa chini ya dola 100 na mtu ukiwa mgeni hujajipanga ndiyo bunduki unayoimudu. Nitaongelea hiyo tu maana ndiyo nimeifungua kwa mikono yangu. Kama una bolti (kile chuma cha kuvuta kinachofunga nyuma ya mtutu) ya aina nyingine, hatua za kufungua ni tofauti kabisa, usilazimishe.

Nianze na kilichonikuta. Msimu wangu wa kwanza, asubuhi baridi iko chini ya sifuri vibaya sana, kulungu dume amesimama kama mita 60 hivi ananipa ubavu, navuta triga nasikia tak. Kimya. Nikasubiri huku mtutu umeelekea kulekule, baadaye nikafungua bolti nikaitoa ile risasi, kuangalia fataki (kile kiduara cha katikati ya kitako cha risasi) ina kidoa kidogo tu kama imeguswa na ncha ya kalamu. Kila niliyemuuliza akaniambia nunua pini mpya (kile kijiti cha ndani ya bolti kinachogonga fataki). Nikanunua, na haikuwa pini! Ilikuwa grisi.

Hizi bunduki baada ya vita kuu ya pili Warusi walizikarabati wakazipaka grisi nzito ya kuhifadhia, kosmolini, wakazifungia kwenye makreti miaka na miaka. Wewe ukinunua unafuta nje inang'aa, unafuta ndani ya mtutu, unaona umemaliza, kumbe ndani ya bolti pale springi inapokaa kumejaa. Nyumbani kwenye joto inateleza vizuri tu. Baridi ikikaza ile grisi inakuwa kama nta, pini inakwenda polepole, inafika kwenye fataki haina nguvu. Kwa hiyo ukisikia tak, usikimbilie dukani, anza na usafi.

Kabla ya kugusa chochote

Risasi zote zitoke chumbani, siyo mezani tu, CHUMBANI. Fungua bolti, angalia chemba kwa macho halafu ingiza kidole, angalia na kwenye magazini. Vaa miwani ya kukinga macho maana ile springi ina nguvu.

Na ukiwa porini au rengi (uwanja wa shabaha) ikapiga tak, usifungue bolti hapohapo. Kuna risasi zinachelewa kuwaka, hasa za zamani. Shikilia mtutu kule kwenye shabaha, hesabu dakika nzima, ndipo ufungue.

Soma fataki kwanza

Hapa ndipo penye somo lenyewe, kwa hiyo kusanya maganda na zile zilizogoma uziangalie kwenye mwanga.

Kidoa kikiwa katikati, cha duara, kimezama vizuri, na bado risasi haikuwaka, tatizo ni risasi yenyewe. Jaribu za boksi lingine kabla ya kulaumu bunduki.

Kidoa kikiwa katikati lakini hafifu, hapo una vitu vinne vya kushuku: uchafu ndani ya bolti, springi iliyochoka, ncha ya pini iliyolika au kukatika, au pini imekazwa vibaya haichomozi inavyotakiwa. Fataki za risasi za jeshi za zamani pia ni ngumu kuliko za kisasa, kwa hiyo springi iliyochoka inaweza kuwasha risasi mpya za dukani na ikagomea hizo za jeshi, zile zinazouzwa kwenye kopo la bati.

Fataki ikiwa imetoboka, ina tundu jeusi katikati na masizi pembeni, ACHA KUPIGA siku hiyo. Maana yake pini inachomoza kupita kiasi au ncha yake ina kingo kali, na ule moto wa baruti unarudi nyuma kuelekea usoni kwako. Moto huohuo unaila ncha ya pini, inabaki na vishimo kama chuma kilichopigwa na welding. Hii ndiyo ilinipata mwaka wa pili na risasi za kopo, na safari hii pini ilikuwa imekufa kweli, nashukuru ile niliyonunua bure mwanzo ilikuwepo.

Kufungua bolti

Huhitaji bisibisi. Vuta bolti nyuma huku umebana triga, inatoka yote. Shika kile kitufe cha nyuma (kichwa cha kukokia), kivute kidogo nyuma ukizungushe kushoto mpaka kishuke kwenye mteremko wake, bolti inakuwa imelegea haijakokiwa. Sasa kichwa cha bolti pamoja na ile fito ya chini vinavutika kwenda mbele, vitoe, vitenganishe.

Umebaki na mwili wa bolti na ncha ya pini inachungulia mbele. Simamisha ncha juu ya kipande cha ubao, siyo zege wala chuma, kandamiza mwili wa bolti chini springi ibanwe, halafu fungua kichwa cha kukokia kinyume na saa. Achia taratibu. Vyote vinatoka: pini, springi, mwili.

Osha kila kitu. Mimi natumia mineral spirit (kiyeyusho cha rangi) na mswaki wa zamani, wengine wanachemsha maji, yote sawa, mradi grisi itoke mpaka ndani ya tundu la mwili wa bolti, zungushia kitambaa kwenye kijiti mpaka kitoke cheupe. Kausha, mafuta mepesi tone moja tu. Usirudishe grisi!

Ndipo uiangalie pini. Ncha nzuri ni ya mviringo, laini, kama ncha ya yai. Ikiwa imebapa, imemeguka, ina vishimo au makali, itupe. Ibingirishe juu ya kioo, ikiruka-ruka imepinda. Naomba mnisikilize hapa, msichukue tupa mkaichonga ncha ili "iwe sawa", ukiipunguza haitafika, ukiiachia kona itatoboa fataki, na pini mpya ni bei ndogo mno kulinganisha na jicho. Nunua na springi mpya kabisa, ukiweka ya zamani pembeni yake utaona mwenyewe ilivyofupika.

Kufunga na kupima

Springi kwenye pini, pini ndani ya mwili wa bolti, kandamiza tena kwenye ubao, funga kichwa cha kukokia mpaka kitako cha pini kiwe sawasawa na mgongo wa kichwa. Kwenye kitako cha pini kuna mfereji mdogo, na kwenye kichwa kuna alama, vikae mstari mmoja. Huo ni mwanzo tu, kinachoamua ni kipimo.

Rudisha fito na kichwa cha bolti, ikiwa haijakokiwa. Sasa chukua kile kibapa cha chuma kilichokuja kwenye kifuko cha vifaa, kina mapengo mawili yameandikwa 75 na 95. Ni elfu za inchi, yaani pini ichomoze kati ya milimita 1.9 na 2.4 hivi. Pitisha pengo la 95 juu ya ncha: lipite bila kugusa. Pitisha la 75: liguse. Kama 95 inagusa, pini ni ndefu mno, izungushe kuingia ndani zaidi. Kama 75 haigusi, ni fupi, izungushe kutoka. Zunguka nusu-nusu tu, kwa sababu pini ina bapa mbili zinazoingia kwenye fito, robo haitakubali. Kila ukizungusha, funga upya upime upya. Usikadirie kwa jicho hata siku moja.

Ukimaliza, jaribu na risasi bandia mara kadhaa, halafu nenda rengi uweke risasi MOJA. Piga, toa ganda, soma fataki. Moja tena. Kama vidoa ni vya katikati na vimezama bila kutoboka, umemaliza.

Maswali ya wadau

Swali: Mkuu asante sana. Mimi nimesafisha, pini na springi mpya, kipimo kiko poa ila bado kidoa hafifu. Nifanyeje?

Jibu: Hapo acha kuhangaika na pini ndugu yangu. Inawezekana nafasi kati ya kichwa cha bolti na kitako cha risasi imezidi, risasi inasogea mbele pini inaikuta mbali. Hasa kama aliyekuuzia alibadilisha kichwa cha bolti. Peleka kwa fundi bunduki aipime kwa geji zake, na usipige tena mpaka akuambie.

Swali: Kaka hivi kweli risasi za kopo ndizo zinaozesha? Maana mi napaka mafuta kila nikirudi na bado naona kutu kwenye ncha.

Jibu: Ndiyo, fataki zao za zamani zinaacha chumvi, na chumvi mafuta hayaitoi, inakaa chini yake inavuta unyevu. Maji ndiyo yanaitoa. Siku hiyohiyo mimina maji ya moto kwenye mtutu, osha kichwa cha bolti na ncha ya pini, kausha kabisa, mafuta ndiyo yafuate.

Swali: Niko Morogoro, marehemu baba ameacha raifo ya zamani inapiga tak hivyohivyo. Unaweza kuniwekea pini kwenye boksi la nguo ukituma mizigo? Nitakurudishia hela.

Jibu: Pole sana kwa msiba. Hapana, hiyo siwezi na usimuombe mtu yeyote. Kutoa kipuri cha bunduki Marekani bila kibali ni kosa kubwa, na huko kukiingiza kimyakimya ni kosa lingine. Halafu leseni ilikuwa ya mzee, siyo ya familia, kwa hiyo hata kuifungua usiifungue. Nenda kituo cha polisi ueleze kabla hujaibeba, wakuelekeze namna ya kuikabidhi, na kama mtataka kuimiliki muanze maombi upya. Matengenezo ni ya fundi aliyeruhusiwa.

Swali: Mimi dada yenu niko Erie hapahapa Pennsylvania, sina kile kibapa cha 75 na 95, bunduki ilikuja bila kifuko. Naweza kutumia rula?

Jibu: Dada rula hapana, tofauti ya fupi na ndefu hapo ni nusu milimita tu. Tafuta kibapa chenyewe, maduka ya vifaa vya Mosin wanauza, au tumia kaliper yenye mkia wa kupimia kina: simamisha uso wa kaliper kwenye ncha ya pini, shusha mkia mpaka uso wa bolti, soma. Ukishindwa, msimu haujaanza, ukipita huku kwetu njoo na bolti peke yake, bunduki iache nyumbani, tutaipima pamoja.